Tochi ya Muuguzi

Kitendawili: mchana huota jua, usiku hukuonyesha njia. Ni betri za zamani, tulizozianika juu ya bati zipate nguvu. Nilizikumbuka jioni ndani ya basi, muuguzi kijana alipomwonyesha mshonaji aliyekaa naye tochi ndogo kama kidole. Akaiwasha, mimi kiti cha nyuma nikaona vimulimuli. "Juzi usiku nilifuatwa na mtu, mama. Akirudi nammulika macho, natimua mbio." Mshonaji akaguna, "Sisi zamani tulijimulika uso wenyewe, mwanangu, watu wajue nani anapita." "Na asiyekujua?" "Nani asinijue mimi!" "Basi uchochoroni kwangu hanijui hata mmoja."

Basi likasimama. Muuguzi akashuka, akatugeukia dirishani, akajimulika uso, akacheka. Kisha akaielekeza tochi uchochoroni.