Bi Milimita na Uso wa Dada

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama chai iko jikoni, ileteni kwanza, nitawasubiri. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyechora mistari iliyonyooka kwa miaka thelathini na moja, kisha uzeeni akaenda darasani kujifunza kuachia.

Jumamosi moja asubuhi, mlango wa darasa la uchoraji ulisukumwa bila hodi. Darasa hilo liko nyuma ya maktaba, chumba kirefu chenye sinki moja na madirisha yasiyofunga vizuri. Akaingia mwanamke asiyejulikana na mtu. Kwapani amebana bomba la kubebea ramani, mkononi rula ya chuma. Akasimama, akaukagua ukuta kutoka juu mpaka chini.

Mwalimu, binti aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, moyo ukamlipuka. Siku hizo kulikuwa na uvumi kwamba jengo litabomolewa. Akakimbilia kabatini, akatoa kibali.

"Mama, karatasi zetu zote zipo. Hata choo kilikaguliwa."

"Choo cha nini, mwanangu? Nimekuja kusoma."

Darasa likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni dereva mstaafu wa malori, ambaye wenzake humwita Breki.

"Ila ukuta wenu umepinda," mgeni akaongeza, akavuta kiti karibu na Breki.

Huyo ndiye Bi Milimita. Jina hilo alipewa kwenye ofisi ya ardhi, alikochora ramani za viwanja kwa miaka thelathini na moja. Mipaka ya watu ilipita mkononi mwake. Mstari ukihama kidogo, ndugu wanaburutana mahakamani. Basi mstari wake haukuhama.

Lakini wasikilizaji, mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Daktari alimwambia wazi: ugonjwa huu unakwenda polepole, lakini haurudi nyuma. Na Bi Milimita alikuwa na kazi moja iliyobaki. Alitaka kuchora uso wa dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyemlea yeye na mdogo wake wa kiume baada ya wazazi kufariki, naye akafa hajapigwa picha hata moja. Uso wake ulibaki katika vichwa viwili tu duniani: cha Bi Milimita na cha mdogo wake.

"Mama alikuwa anaacha kula, anauliza, 'Hivi nyusi zake zilikutana?'" anasimulia binti yake, ambaye ni mshonaji. "Aliogopa mkono utamgomea kabla hajamaliza."

Siku ya kwanza waliwekewa bakuli lenye machungwa matatu. Wenzake waliyachora machungwa. Yeye aliyapima. Alipomaliza, chini ya karatasi aliandika kipimo, moja kwa mbili, na juu kulia akatia mshale wa kaskazini.

Breki akarefusha shingo. "Mama, hilo chungwa lina hati?"

"Langu lina. Lako hata umbo halina."

Pale darasani kulikuwa na utaratibu. Unalowesha karatasi, unatia rangi, kisha unaweka mikono mgongoni. Unayaacha maji yaende yanakotaka mpaka mwalimu aseme basi. Kwa Bi Milimita hiyo ilikuwa adhabu. Rangi ikijongea tu, mkono umeshafika na kitambaa.

"Mama, mkono," mwalimu anasema. Anaurudisha. Dakika haijaisha. "Mama, na ule mwingine."

Uso wa dada aliukataza maji kabisa. Miezi mitano aliuchora kwa penseli na rula, akifuta, akirudia, mpaka karatasi zikatoboka. Hatimaye akapata mmoja aliouona sawa. Akaupeleka kwa mdogo wake, ambaye ni fundi saa. Fundi akavaa miwani yake ya kazi, akaukagua kipande kwa kipande.

"Dada, kila kitu kipo," akasema. "Pua ipo, macho yapo. Mwenyewe ndiye hayupo. Umeniletea kiwanja."

Neno hilo lilimchoma. Jumamosi iliyofuata rula ilibaki nyumbani. Alilowesha karatasi mpaka ikang'aa. Akatia rangi ya kahawia, mkono ukitetemeka, matone yakianguka yasikoalikwa. Kisha mikono mgongoni. Rangi ikatambaa shavuni, mstari wa taya ukayeyuka.

"Nilimwona anauma mdomo," anasema mwalimu. "Nikajua anataka kufuta. Hakufuta."

Msidhani dada alikuja siku hiyo. Karatasi nyingi ziliharibika, na mkono nao ulizidi kutetemeka. Breki alimshikia ubao wa kuchorea, akamfundisha kuuinamisha ili rangi itiririke.

"Achia usukani kidogo, mama. Gari halipinduki kwa kuachiwa kidogo."

"Ndiyo maana wakakustaafisha."

"Walinistaafisha na leseni safi!"

Kulikuwa pia na desturi kwamba jirani hutia brashi moja, mguso mmoja tu, kwenye picha ya jirani yake. Bi Milimita hakuwahi kukubali. Alikuwa anaificha yake kama mtihani. Lakini siku moja, kwa uchovu na kwa shukrani, akamwambia Breki: "Nikimpata dada, utatia brashi moja. Popote upendapo."

Na alimpata, wasikilizaji. Nyusi hazikuwa sawa. Pembe ya mdomo, pale mkono ulipotikisika, ilikaa kama inataka kusema. Binti yake, ambaye hakuwahi kumwona mama yake mkubwa, alipouona uso ule alicheka: "Huyu anataka kunituma dukani!"

Jumanne iliyopita, Bi Milimita alifariki dunia. Alikuwa na miaka sitini na minane. Kwa binti yake, kwa mdogo wake fundi saa, na kwa darasa lile nyuma ya maktaba, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole kutoka moyoni. Poleni sana. Nasi tunaosikiliza, tujiulize leo: ni kitu gani tumekikamata kwa nguvu mpaka kimeshindwa kupumua?

Picha hiyo sasa iko kwenye kibanda cha fundi saa. Nimeiona. Jicho moja limefunikwa na mkondo wa bluu. Wateja huuliza kwa nini. Jibu lake ndilo ninalowaagia.

Siku uso ulipotokea, Breki aliutazama, akavua aproni.

"Hii sigusi."

"Niliahidi."

"Nimekusamehe."

"Nani kakuomba msamaha? Shika brashi."

"Mama, kwa mkono huo hutaweza kumchora mwingine."

"Hilo nalijua kabla yako."

Breki akachovya bluu. Akachagua mahali pa salama kabisa, ukingoni mwa kilemba cha dada, akagusa kwa ncha tu. Lakini karatasi ilikuwa bado na unyevu. Bluu ikateremka kwenye paji la uso, ikaingia jichoni, ikaijaza mboni.

Kitambaa kilikuwa mezani, karibu kabisa. Bi Milimita akakitazama. Akaketi, akangoja mpaka bluu iliposimama yenyewe.

Kisha akamgeukia Breki, aliyekuwa ameshika brashi kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.

"Asante," akamwambia. "Sasa nioshee brashi yangu."