Nukta za Buluu za Bwana Brackmann

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane katika msitu wa mji wetu wa Lindenrode, Bwana Misitu Gerold Brackmann atarudisha funguo, buti na, tunamwomba sana, makopo yote ya rangi ya buluu.

Kazi yake kuu ilikuwa kuchagua "miti ya kesho", yaani mialoni inayotiwa nukta ya buluu ili isikatwe, iwafae wajukuu wa wajukuu wetu. Kanuni inataka miti themanini kwa hekta. Bwana Brackmann hakuwahi kushuka chini ya mia mbili. Wakaguzi walipomuuliza, alijibu kwamba rangi ilikuwa karibu kuharibika.

Mkuu wetu wa ofisi ya misitu, Bibi Hiltrud Wessling, alibishana naye kila Jumatatu wakati wa kahawa. "Gerold, hao watu wako wa mwaka 2200 wamekuandikia barua lini? Pengine watajenga kwa vitu ambavyo sisi hatujaviota!" Naye, keki ya tufaha ikiwa bado mdomoni: "Hiltrud, meza unayoigonga ni mwaloni. Aliyeupanda hakukujua. Bahati yake." (Maneno haya yamechapishwa kwa idhini yao wote wawili. Nimewauliza mara mbili.)

Msimu huu wa baridi mzaha uliisha. Boriti za paa la chekechea zilioza, na tangu Novemba watoto wanasomea katika kituo cha zimamoto, katikati ya magari. Boriti mpya zilihitaji mialoni minne mikubwa, na mikubwa yote imo katika sehemu ya msitu iitwayo kitalu namba 14, ambako hakuna mti usio na nukta. Bibi Wessling angeweza kuamuru ikatwe. Hakuamuru. Alisema tu, "Msitu ni wako hadi Machi, mzee."

Wiki iliyopita Bwana Brackmann aliingia kitalu hicho peke yake, akashinda humo. Alirudi na vidole vyekundu, rangi ya kutia alama miti ya kukatwa. Kwenye fomu ya kukata miti, penye "Sababu", wengi huandika "ugonjwa" au "dhoruba". Yeye ameandika: "Hawa nao ni vizazi vijavyo, ila wamekwisha kufika."

Jumamosi watoto hao wa chekechea watapanda miche kando ya visiki vinne. Bwana Brackmann ameomba kuwasimamia. Bibi Wessling amekubali, mradi asije na rangi.

Asante, Bwana Brackmann. Uzeeke polepole, kama miti yako.