Nusu ya Njia kwenda Husby

Kwenye treni ya Husby, huku ughaibuni, nilibanwa kati ya wazazi wawili wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mzee Bonaventure wa mji wa Baraka alikuwa anamsindikiza Pélagie wa Rumonge, aliyetoka kwake kuzungumzia ndoa ya watoto wao, Gilles na Natacha.

“Rudi sasa, Papa Gilles. Kwetu mgeni husindikizwa nusu ya njia. Anayezidisha anahakikisha umeondoka.”

“Kwetu Baraka, Mama Natacha, anayekuacha nusu ya njia amekutupa.”

Nusu yenyewe tulishaipita.

“Ukishuka na mimi, Natacha haolewi na Gilles.”

“Nisiposhuka, Baraka nitaitazamaje?” Baraka iko bara jingine, ila inaonekana ina macho.

Husby mlango ukafunguka, Pélagie akashuka. Mzee akatoa mguu mmoja nje, wa pili akauacha ndani. Nami nilikuwa nashuka papo hapo, nyuma yake, na mlango kauziba.