Kipande cha Fimbo Alichochukua Jope

Vasiti, vuta mkeka uje karibu, na wewe Apenisa kaa chini, uache kuzunguka chumba kama unatafuta mtu wa kumpiga, maana huyo unayemtafuta ameketi pale mlangoni na ni mtoto wa shangazi yako. Jope, na wewe kaa, nitakayoyasema yanakuhusu. Daktari amenirudisha nyumbani na nyote mnajua maana yake, kwa hiyo asiniambie mtu nipumzike.

Nyumba hii naiacha kwa Apenisa, na dada yake asiombe ruhusa ya kulala humu hata siku moja. Ardhi ni ya ukoo, sina la kusema juu yake. Sanduku langu la kazi, yaani gundi, misasa, kisu na kibanio, ni la Vasiti, pamoja na vile vipande vitatu vya mbele vya fimbo vilivyobaki juu ya kabati. Vilivyobaki, nasema. Cha nne mnakiona mapajani mwa nani.

Miaka thelathini na moja nimetengeneza fimbo za pool za mji huu wa Lautoka, mchana nikiwa kiwandani kwenye sukari na jioni hapa sebuleni, na vilabu vyote vimeniletea fimbo zilizopindishwa na unyevu wetu huu, lakini sijawahi kushika kipande cha mbele kama kile alichoniachia mzee Dharmesh, fundi mitambo, siku aliyohamia kwa wanawe. Ni mti mweupe wa nchi za baridi, nyuzi zake zimenyooka tangu kwenye pete ya shaba hadi kwenye kiungio, na mvua zote zilizopita hazikuupinda. Nikakitundika ukutani ili kila aingiaye akione, na hapo ndipo nilipokosea. Mfiji gani mwenye akili hutundika kitu anachokipenda mahali ambapo mpwa wake hukaa kunywa yaqona?

Mnaijua desturi yetu. Mtoto wa dada ni vasu, akitaka kitu cha mjomba wake haombi, hukichukua, na mjomba hutabasamu. Kinachosalimika ni kile tu kilichokwisha kupewa mtu mbele ya wazee. Ningesema neno moja, "Hiki ni cha Vasiti," na leo tusingekuwa hapa. Miaka yote nilikuwa nayo, sikusema. Nisamehe, mwanangu. Nilijua unacheza kuliko wanaume wa klabu nzima, lakini nilijiambia huyu ni msichana, ataolewa, atauchoka mchezo, nitamwekea mtu mwingine. Hukuuchoka, na huyo mtu mwingine hakutokea.

Halafu juzi akaingia Jope. "Mjomba, Jumamosi nacheza na Vasiti. Timu inayokwenda Brisbane imebakiza nafasi moja, na nimekuja kuchukua mti wangu." Wewe Vasiti ukatoka jikoni na kisu cha kumenyea magimbi: "Mti wako tangu lini?" Naye: "Tangu mama aliponizaa, binamu. Wewe chukua mwiko, ndio unaouweza." Ukamwambia, "Huohuo mwiko utakuaibisha mbele ya watu." Mkacheka wote wawili, kama binamu wanavyocheka, lakini macho yako, Vasiti, hayakucheka. Yalinigeukia. Mlikuwa mnanisubiri nyote wawili, na mimi nikasema, "Chukua, baba."

Sikusema hivyo kwa desturi peke yake. Jope, mama yako Merewalesi aliacha shule, akamuuguza mama yetu miaka mitatu, na miaka hiyohiyo mimi, kaka yake mkubwa, nilikuwa klabu najifunza kuurudisha nyuma mpira mweupe. Hakunilaumu. Alikufa hajaniomba hata kijiko. Mwanawe akija kuchukua, nitamzuia kwa uso gani? Lakini moyo wangu ulikataa, na nalisema hilo leo mbele yenu nikijua nimechelewa. Sikuombi ukirudishe. Nikikuomba nitakuwa nimemnyima Merewalesi kitu kimoja alichowahi kukichukua kwangu, tena kwa mkono wa mwanawe. Nakuambia tu kwamba imeniuma, inaniuma hata sasa.



Nani huyo amesimama? Apenisa, kaa! Mwache apite. Nimesema mwache apite.

Jope amekwenda nacho?

Basi. Amekwenda nacho, ni haki yake, na asisemwe vibaya na mtu yeyote katika nyumba hii. Siku ya kunizika abebe jeneza mbele kabisa, upande wa kichwani.

Vasiti, acha kulia, hatuna muda huo. Viteremshe vile vitatu. Usivibingirishe mezani kama wafanyavyo walevi, meza za mji huu zenyewe hazijalala sawa. Funga jicho moja, tazama toka kwenye kiungio hadi nchani. Halafu kigongeshe chini taratibu usikilize, kikilia kama bati bovu ujue pete imelegea. Kile chembamba unakipenda, najua, lakini ukipiga mpira wa mbali kinatetemeka, na ukiwa na hofu utapiga kwa nguvu. Chukua kile kinene kidogo chenye doa jeusi. Si kizuri. Ni kile tu ambacho hakitakusaliti katikati ya mchezo. Na Jope... ngozi iliyo nchani mwa kile mti ni ngumu, ukiikazania bila chaki inateleza, naye chaki huwa anaisahau. Hapana. Sikupaswa kusema hilo. Ni mpwa wangu. Basi, limenitoka, fanyeni kama hamkusikia.

Sasa vingozi vya nchani. Lete kopo. Katika kumi utapata kimoja kizuri, na hicho huwezi kukijua kwa macho. Ukikibonyeza kwa ukucha kinakubali kidogo, halafu kinarudi, na kule kurudi ndiko... sijui nikuelezeje. Nimekuchagulia mimi tangu una miaka tisa, sikukufundisha hata siku moja. Nilipenda unavyokuja kwangu na kopo lako. Nilijinyima maneno machache ili uendelee kuja, sasa angalia.

Mpe maji kaka yako. Apenisa, hasira zako... zizike pamoja nami. Mpeleke dada yako Jumamosi, ukae anapoweza kukuona. Akishindwa, umrudishe nyumbani kwa miguu, polepole, msiseme kitu. Mungu awalinde, wanangu. Awape... awape mikono iliyotulia. Nawabariki kwa jina la mama yenu, na kwa jina la Merewalesi, na Jope pia nambariki, mwambieni... mwambieni nilimtaja.

Haya, Vasiti. Nitakuchagulia kingozi cha mwisho. Kiweke hapa, kati ya kidole gumba na hiki kingine. Usiwe na haraka. Ukishakiweka niambie.

Umeshakiweka?

Tangu saa ile?

Jaribu mkono wa pili... Kwenye huu nao umekiweka? Mwanangu, sihisi kitu. Sihisi hata vidole vyako.

Basi chagua wewe. Chagua tu, nami nitasema ndicho hichohicho.