Mama Ukungu wa Kanyenye

Tunamzika Veneranda Ntahondi leo, na moyo haujakubali. Alizaliwa tarehe 8 Februari 1914 kwenye milima ya Heru, nchi ya Waha, ambako asubuhi humwoni ng'ombe wako mpaka ukungu uondoke, na maharage huota bila kubembelezwa. Shule aliipata kwa katekista, miaka miwili tu, akatoka anasoma vizuri na anaimba kwa sauti kubwa kuliko wenzake walivyopenda.

Mwaka 1932 fundi seremala Nikolaus Bundala, Mnyamwezi wa Tabora, alikwenda Heru kuezeka kanisa. Aliezeka upande mmoja, akaposa, ndipo akamaliza wa pili. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti. Baba wa bibi harusi alitoa sharti moja: "Mkwe wangu, umrudishe siku moja auone ukungu wa kwao." Nikolaus akaahidi.

Walifika hapa Tabora, mtaa wa Kanyenye, mwezi Septemba, nchi imekauka na mapori yanachomwa. Asubuhi ya kwanza Veneranda aliona nje kweupe, akatoka mbio akishangilia, "Ukungu! Kumbe hata kwenu upo!" Akavuta pumzi moja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Jirani yao Mwanajuma, Mmanyema ambaye asili yake ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alicheka hadi akakaa chini. "Moshi huo, mwenzangu!" Tangu hapo akawa Mama Ukungu, na mwenyewe akaitika.

Kazi yake ilikuwa kupika uji na maharage uani, kwa ajili ya Waha waliopita hapa kwenda mashamba ya mkonge. Mjini wako waliowadharau. Yeye akisikia tu "Mwakeye," salamu ya kwao, huacha mwiko chunguni na kukimbilia mlangoni. Wakishiba, aliwauliza swali lile lile: mvua imenyesha huko?

Kwenda mwenyewe hakujaliwa. Mara njia imefungwa kwa sababu ya malale, mara vita, mara mtoto mchanga. "Mwakani, Mama Apolinaria," Nikolaus alimwambia kila mwaka, naye alimwamini kila mwaka.

Juni 1953 aliugua kifua. Alilazwa hospitali, akarudi nyumbani Agosti, amekuwa mwepesi hata mumewe alimbeba peke yake. Ndipo Nikolaus akatuma habari Heru kwamba Oktoba wanakuja.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 12 Septemba, moshi wa mapori ulijaa uani. Veneranda akafumbua macho. "Baba Apolinaria, nje kweupe. Ni nini?"

Miaka yote Nikolaus alikuwa akimtania kwa jambo hili. Safari hii hakuweza.

"Ni ukungu, mama. Tumefika kwenu."

"Basi fungua mlango."

Akaufungua. Veneranda akavuta pumzi, wala hakukohoa. Hakuvuta nyingine.

Ameacha mume, Nikolaus. Watoto, Apolinaria, Raymundi na Kasimiri. Na Mwanajuma, ambaye tangu Jumamosi hajawasha jiko. Ameacha pia mama yake mzazi huko Heru, ambaye habari hizi hazijamfikia. Bado anafagia nyumba, akimngoja binti yake Oktoba.

Mungu ampokee Mama Ukungu, ampumzishe kwa amani, mahali penye baridi.