Fundi Aliyeacha Kubisha Hodi

Ndugu, jamaa, majirani, poleni na asanteni kwa kuja. Nimeombwa niyasome maisha ya dada yangu, na nimeombwa niyasome kwa ufupi. Kwetu ufupi tulijaliwa wa kimo tu, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu, ambaye wengi hapa mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba seremala na mama wa nyumbani. Mama alisimulia kwamba alizaliwa akipiga kelele, akanyamaza tu alipopewa pindo la shuka alishike. Mama naye kwa kutia chumvi hakuwa na mpinzani.

Alisoma shule ya msingi, akamaliza mwaka 1971. Kichwa alikuwa nacho, lakini baba aliumia mgongo, ada ikakosekana, akaenda kujifunza ushonaji. Sare zetu sisi wadogo zake alizishona yeye, kubwa kupita kiasi, makusudi. "Utakua tu," aliniambia. Mnaniona wenyewe.

Mwaka 1980 aliolewa na shemeji yetu, fundi redio, aliyekuja kupunguziwa suruali akairudisha mara nyingi, mpaka mama akamuuliza, "Baba, unataka suruali au kaptula?" Walijaliwa binti na mtoto wa kiume. Shemeji alitutoka mwaka 2009. Dada aliendelea na kazi yake katika kile chumba cha mlango wa bluu, cherehani dirishani, sanduku la vipande vya vitambaa chini ya meza. Hakutupa kipande hata kimoja.

Sasa nafika mahali ambapo mwenyewe asingependa nifike. Lakini ukweli wake ndio huo, na msibani hatumpambi mtu kwa kumpunguza.

Mwaka 2012 tetemeko lilitupiga asubuhi, watu wakiamsha watoto waende shule. Daraja lilikatika, malori ya misaada yakakwama ng'ambo. Dada hakungoja. Alimchukua muuza mkaa na mkokoteni wake, mwalimu mstaafu wa jirani, vijana wawili watatu wenye pikipiki, wakaanza kupeleka maji, uji na mablanketi nyumba kwa nyumba. Mitaa ilikuwa mingi, wao wachache, kwa hiyo akafungua lile sanduku akakata vitambaa. Chekundu kwenye kitasa: ndani kuna wenye shida, rudini. Cheupe: hakuna mtu, piteni. Mpango ulikuwa mzuri jamani, na waliopona kwa vitambaa vyekundu wamejaa hapa leo.

Siku ya pili alifika nyumba ya mwisho ya kichochoro, nyuma ya kiwanda cha matofali. Ukuta ulikuwa umeinama, mlango umerudishiwa tu. Akapiga hodi. Akapiga tena. Ya tatu akaipaza mpaka muuza mkaa akageuka. Kimya. Nasi tumelelewa hivyo sote, hodi tatu, ukikosa "karibu" unageuza. Huingii nyumba ya watu kama mwizi. Akafunga kitambaa cheupe, akaenda zake, na wote waliomfuata walikiona wakapita.

Ndani mlikuwa na bibi mmoja mjane. Kabati lilimwangukia miguuni na vumbi likamkausha sauti. Mwanawe, dereva wa lori, aliporudi safari alikuta kitambaa mlangoni na mama yake amekwisha kufa. Daktari alisema kilichomuua ni kiu kuliko majeraha.

Dereva alikuja kwenye chumba cha cherehani akakiweka kitambaa mezani.

"Mama yangu alikuwa wa kusukumiwa mlango tu," alisema.

"Mwanangu, nilipiga hodi," dada akajibu.

"Najua. Nimekuja kukuangalia tu." Akatoka, na hawakusemezana tena.

Tangu siku ile dada aliacha kubisha hodi. Mtaa mzima mnajua. Alisukuma milango, akaingia. Mwalimu mstaafu alikutwa na taulo, akafoka, "Fundi, hata hodi?" Dada akamwekea unga mezani. "Hodi ni ya wenye sauti," alimwambia. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Mafuriko yalipokuja aliwafundisha vijana waingie, wakatazame kwa macho, wakitukanwa watukanwe. Kitambaa cheupe hakukigusa tena. Magauni ya harusi aliwaachia mafundi wengine. Katikati ya kushona alikuwa akiizuia cherehani ghafla, anainua kidole, nasi tunatulia tuli.

"Mmesikia?"

Hatukusikia kitu. Anainuka, anachungulia nje, anarudi kushona. Nilikuwa naogopa kukaa naye peke yangu, nasema kweli.

Mlango wake haukufungwa tena mchana. Na kila mwaka alimtuma muuza mkaa kwa yule dereva na salamu zilezile: "Mwambie kwangu pako wazi." Jibu halikuja. Alitaka kusikia neno moja tu kutoka kwake, na sisi nyumbani tulilijua.

Februari mwaka huu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na sauti ikaondoka yote. Tulimuuguza kwa zamu, na ili upepo usimpige, tukawa tunaufunga mlango. Alhamisi moja binti yake alitoka kidogo kufuata dawa. Aliporudi alimkuta mama yake amejiburuta hadi ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtiririka, mkono wa kushoto unaonyesha mlango. Tukasema anataka hewa, tukafungua dirisha. Akazidi kuonyesha. Tukampa maji, tukamgeuza, tukamwita nesi. Alionyesha mpaka mkono ukaanguka wenyewe. Alifariki Jumanne iliyofuata, tarehe 17 Juni, asubuhi.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyoshika, maana ilikuwa imeshachapwa. Jana msibani yule dereva alikuja. Alikaa chini ya turubai, chai hakuigusa. Kisha akanivuta pembeni.

"Mzee, nilikuja Alhamisi ile. Nilisikia anaumwa, nikasema nije nimwambie yaishe. Nikapiga hodi. Ya pili, ya tatu. Kimya. Nikajua hawapo, nikageuza."

Nilimwomba Mungu asiulize.

"Alikuwemo?"

Kumdanganya kulikuwa rahisi. Lakini dada asingemdanganya. "Alikuwemo, mwanangu. Alikusikia."

Alikaa chini palepale vumbini, na nguo zake nzuri, akaangua kilio. Nikakaa naye.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na mlango wa bluu ambao tangu jana hatujaufunga. Ameacha na huyu dereva, aliyesimama pale nyuma. Aliniomba nisimtaje. Dada angemtaja.

Mwanangu, hodi yako alikosa sauti ya kuiitikia. Naiitikia mimi kwa niaba yake: karibu. Sogea mbele, ukae na sisi.

Na wewe dada, umesikia? Kasema yaishe. Sasa pumzika, kwa amani.