Risala ya Jikoni Siku ya Kufungua Chumba cha Simu

Mgeni rasmi, ambaye pia ni mwenyekiti wa bodi ya shule yetu, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi, wanafunzi, na wenzetu wa jikoni, wa usafi na wa getini:

Makaribisho

Sisi wafanyakazi wa shule hii tunakukaribisha kwa mikono miwili na kwa chai, ingawa chai ya leo haikupikwa na aliyezoea kuipika, na ukiionja utatambua.

Hii ni mara ya kwanza sisi kuombwa risala. Siku za wageni huwa tunazisikia risala za wengine tukiwa nje, kupitia dirisha la ukumbi, tukisubiri vikombe virudi tuvioshe. Kwa hiyo tunaomba uvumilivu. Anayekusomea ana sauti ndogo na anakiogopa hiki kipaza sauti. Shule aliiachia darasa la tano. Wenzake walimchagua kwa sababu mwandiko wake unasomeka, na kwa sababu siku ya kuchagua alishindwa kusema hapana mbele ya watu.

Tunakupongeza kwa chumba ulichokuja kukifungua. Tumekideki sisi, kwa hiyo tunakijua. Kina vigae vyeupe na feni. Kina kabati la chuma lenye vijumba vidogo, kila mwanafunzi na namba yake, na kila kijumba kina umeme wake wa kuchajia. Jiko letu, mgeni rasmi, halina dirisha. Hatusemi kwa ubaya. Tunasema kwa kuwa tulipomaliza kudeki tulisimama chini ya ile feni, tukapigwa upepo, na mlinzi akatuambia, "Dada zangu, tokeni, msije mkazoea."

Historia fupi ya simu jikoni

Kazi yetu ilikuwa chai ya asubuhi, chakula cha mchana, kufagia, kudeki na kufuta mbao za madarasa. Simu hazikuwa zetu. Lakini zilipozidi darasani, walimu wakashindwa kufundisha, na ikaamuliwa mlinzi azikusanye getini asubuhi na kuzirudisha jioni. Sasa zikae wapi? Mlango wa chuma ni mmoja tu, wa stoo ya chakula. Na chombo cha kuzitosha kilikuwa kimoja tu: sufuria kubwa ya chai, ile ya zamani iliyoanza kuvuja. Mlinzi akasema, "Simu hazivuji." Basi zikawekwa humo, na mfuniko juu.

Hujawahi kufanya kazi karibu na sufuria ile. Simu moja ikitetemeka, nyingine zinaitikia, na sufuria nzima inavuma kama mzinga wa nyuki. Sisi tunachambua maharage, tunasikia watu wanaitwa, wanaitwa, wanaitwa. Mpishi wetu wa chai, ambaye shule nzima inamwita Mama Chai, aliupiga mfuniko kwa upawa: "Nyamazeni! Wenyewe wako darasani!" Tulicheka. Lakini kuna aliyewahi kusema polepole, akiendelea kuchambua, kwamba yeye hakumbuki mara ya mwisho kuitwa na mtu asiyetaka chakula.

Tuliyoyaona

Walimu watakueleza habari za mitihani. Sisi tunaeleza ya jikoni na ya ufagio.

Wakati wa mapumziko wanafunzi walikuja kwenye mlango wa stoo kwa kubembeleza. "Shangazi, nichungulie tu. Nione kama amejibu." Tukikataa, shangazi tunageuka wachawi. Tumewaona wanakaa na kikombe cha chai huku kidole gumba kinasugua meza, juu chini, juu chini, na meza haina kitu. Tumewaamsha waliolala juu ya sahani, maana nyumbani hawakulala. Kuna msichana ambaye sahani yake ilianza kurudi jinsi ilivyokwenda. Tulidhani chumvi imezidi. Kumbe watu asiowajua wamecheka mashavu yake chini ya picha yake. Mama Chai akamwambia, "Mwanangu, hao waliocheka wanakupikia?" Akatikisa kichwa. "Basi kula cha anayekupikia." Akala kidogo.

Na siku moja, tukifagia darasa la mwisho, tulipata kitabu cha sayansi kimesukumwa nyuma ya kabati. Tulikifungua. Katikati kimekatwa kwa wembe, kurasa zote, pamebaki shimo la ukubwa wa simu. Aliyekipata alikaa chini na ufagio wake, akasoma maneno ya pembeni yaliyoachwa na wembe. Alisoma moyo unavyosukuma damu, lakini damu inakwenda wapi, hapo palikuwa shimo. Siku ile hakumaliza kufagia. Alikuwa na hasira, na baadaye, tulipomuuliza vizuri, alisema si hasira.

Siku ya moto

Mgeni rasmi, umeletewa barua inayosema wapishi walichoma simu za wanafunzi kwa wivu. Tunaomba usikie ilivyokuwa.

Asubuhi ile mlinzi alibeba sufuria ya simu kama kawaida. Stoo ilikuwa inashushiwa magunia, hapakuwa na njia. Akataka kuiweka sakafuni. Sisi wa usafi ndio kwanza tumedeki, tukampigia kelele wote kwa pamoja, "Usiweke chini, kuna maji!" Akaona jiko la kwanza liko wazi, halina moto, akaitua pale. Alitenda vema, maana aliogopa simu zisilowe. Sufuria ya chai, pacha wa ile, ilikuwa nje inasuguliwa masizi.

Mama Chai ana utaratibu wake. Kuni za shule huwa mbichi, zinachelewa kushika. Kwa hiyo yeye huwasha moto kwanza, huuacha ukijikongoja, huenda kuchota maji, na akirudi ndipo anafunua mfuniko na kumimina. Anafanya hivyo miaka yote. Akaikuta sufuria mahali pa sufuria, yenye mfuniko wa sufuria. Akawasha. Na siku ile, kwa bahati mbaya, kuni zilikuwa kavu.

Tulisikia mlio kama bisi. Halafu moshi mweusi wenye harufu ambayo chakula hakina. Mama Chai alitupa ndoo, akaingia kwenye moshi, akaishika sufuria kwa mikono mitupu, akaiburuta hadi nje. Hakuna mwingine aliyeumia. Simu hazikupona.

Wanafunzi wakatoka madarasani. Wakalia, mgeni rasmi. Wengine walikaa chini kwenye mchanga. Tumehudhuria misiba yenye machozi machache. Kila aliyefika jikoni aliuliza simu. Mama Chai alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ameinyoosha mbele kama ya mtu anayepokea kitu, na hakuna aliyemuuliza chochote. Mmoja wetu ana mdogo wake wa kike katika shule hii. Mdogo akamkimbilia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, yangu ilikuwa juu au chini?"

Wazazi walikuja. Mmoja alisema, nasi tukiwa tumesimama palepale, "Hawa wa jikoni roho zao zimejaa wivu. Wao hawana, basi hawataki mwingine awe nacho." Mama Chai akasimamishwa kazi mpaka bodi iamue. Hukumu yake iko mikononi mwako leo.

Mafanikio

Yapo, na hatukuyategemea.

Siku za kwanza baada ya moto zilikuwa mbaya. Wanafunzi walijipapasa mifukoni kama waliopoteza funguo. Waligombana kwenye foleni. Halafu sauti zikaanza kurudi. Tulisikia kelele wakati wa chai, kelele nzuri, za watu wanaobishana wakitazamana. Sahani zikaanza kurudi tupu. Yule wa mashavu akaomba aongezwe, tukaongeza mpaka mtunza stoo akanung'unika.

Yule mwenzetu mwenye mdogo wake, kazi yake ya jioni ni kufuta mbao. Siku moja mdogo hakuwa na la kufanya, akamsubiri mlangoni waende nyumbani pamoja.

"Mbona unafuta polepole hivyo?"

"Nasoma kwanza."

"Unasoma? Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka na simu. Nilikuuliza unacheka nini, ukasema sitaelewa."

Mdogo akaichukua chaki. Akaandika upya kile dada yake alichokuwa amekifuta, akamweleza moyo unavyosukuma damu, na damu inakokwenda. Kesho yake wakaja wenzake wawili watatu. Wakaja na mpishi wa maharage, na mlinzi, aliyesema amekuja kuangalia madirisha tu. Tukakaa kwenye madawati. Kwa muda wa saa moja kila jioni, wanafunzi wanatufundisha, na wenyewe wakishindwa kueleza wanakwenda kufungua kitabu. Mwalimu mmoja alichungulia, akasema darasani hawajawahi kuuliza maswali kama yale. Maneno magumu ya risala hii yamesahihishwa kwenye saa hiyo.

Na jioni moja, bila kuambiwa na mtu, yule mdogo aliuliza, "Dada, mikono ya Mama Chai inaendeleaje?" Wakaenda kumwona. Mama Chai akamwambia, "Karibu mwanangu. Ya kwako ilikuwa juu au chini?" Wakacheka mpaka yule mdogo akalia.

Changamoto

Changamoto yetu ni moja, na barua uliyoletewa imekwisha kuitaja. Ni wivu.

Hatukatai. Moto hatukuuwasha kwa wivu, lakini wivu upo, na ulikuwapo kabla ya moto. Tunawaonea wivu wanafunzi. Si kwa simu. Tunawaonea wivu kwa kile kiti wanachokilalia. Mmoja wetu alitoka darasa la tano ili mdogo wake aingie la kwanza, kwa kuwa mama yao alikuwa amefariki na nyumbani palihitaji mtu mmoja wa kufanya kazi. Hajutii. Lakini akipita na ndoo akaona mwalimu anaeleza na kiti hakimsikilizi, kitu kinamkwaruza hapa kifuani.

Na tunaionea wivu simu yenyewe. Hili ni gumu kulisema mbele ya wageni, lakini limeandikwa, basi linasomwa. Inatazamwa asubuhi kabla ya mtu yeyote. Ikilia, inajibiwa upesi. Ikizimika, inaulizwa imepatwa na nini. Inabebwa kifuani. Ikiungua, inaliliwa. Kuna dada anayejua kwamba hajawahi kutazamwa hivyo na mtoto aliyemlea mgongoni. Na sasa imejengewa chumba chenye feni.

Simu mpya zimekwisha kununuliwa. Tunajua, kwa kuwa jana jioni darasa letu halikuwa na watu. Mfuta ubao alifuta, akageuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Mdogo wake alikuwa kwenye chumba kipya, amebandika uso kwenye kabati, anatafuta namba yake.

Maombi

Tunaomba Mama Chai arudi kazini. Kama lazima mtu aadhibiwe, basi tugawane: mlinzi aliyeweka juu, sisi tuliokataza kuweka chini, na aliyeleta kuni kavu siku moja katika miaka yote. Yeye aliwasha jiko lake kama anavyoliwasha siku zote.

Tunaomba kabati lile lisifunguliwe pale kengele ya mwisho inapolia. Lifunguliwe saa moja baadaye. Hatuombi simu zipigwe marufuku. Nyingine zinatoka kwa wazazi walio mbali, na mtoto ana haki ya kusikia sauti ya mama yake. Tunaomba ile saa moja tu, ile ya madawati. Wanafunzi watakunja sura, tunawajua, lakini hizo sura tutazizoea. Na katika saa hiyo tutakuwa pale wote, tumenawa mikono.

Dirisha la jiko tuliliomba zamani. Leo hatuliombi, tusije tukaonekana tumekuja na mengi.

Hitimisho

Mgeni rasmi, wakati wa kukata utepe tutapiga makofi, nawe utatujibu. Mama Chai yuko hapa. Hakualikwa, tumemleta sisi. Amekaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na amefunika mikono kwa khanga. Ukiona watu wote wanapiga makofi na yeye hapigi, usidhani ana kinyongo. Vidonda bado havijakauka. Tunaomba, kabla hujaenda kulitazama kabati, upite pale kwake umuulize mikono.

Tunakutakia safari njema ya kurudi nyumbani, na nyumbani ukute mtu anayeinua uso ukiingia. Mwenyezi Mungu akupe afya, na awape watoto wetu macho ya kutuona.

Ni sisi, watumishi wako:
Wafanyakazi wa Jiko, Usafi na Geti

Imesomwa kwa niaba yao na mfuta ubao.